Wadudu wanavyobeba na kueneza virusi vya mimea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukisikia kwamba mdudu anabeba kirusi cha mmea, ni rahisi kudhani kirusi hunata tu mdomoni, kisha kinadondoka kwenye jani linalofuata. Mambo hayaendi hivyo. Mahali kirusi kinapokaa ndani ya mdudu ndipo panapoamua kitadumu naye dakika chache au maisha yake yote, mdudu yupi atakieneza na yupi hatakiweza, na kama dawa ya kupulizia itafaa kitu.

Kwa nini kirusi cha mmea kinahitaji mdudu? Kwani hakiwezi kuingia chenyewe?

Hakiwezi. Kirusi cha mnyama hujishikiza kwenye vipokezi vilivyo juu ya utando wa seli, na mara nyingi seli yenyewe ndiyo inayokimeza. Kwa mmea, utando huo umefichwa. Juu ya jani kuna nta, chini yake kuna ukuta mgumu wa selulosi, na utando uko nyuma ya ukuta huo. Kirusi kikitua juu ya jani lisilo na mchubuko kitabaki hapo hapo hadi kiharibike.

Kinachohitajika ni jeraha, lakini liwe dogo. Seli ikipasuliwa ikafa, haina faida kwa kirusi, kwa sababu virusi huzaliana ndani ya seli hai tu. Mdudu mwenye mdomo mwembamba wa kuchoma hutoboa ukuta na utando, kisha anajitoa na kuiacha seli ikiwa hai.

Kirusi kikishaingia seli moja, hakimhitaji tena mdudu katika mmea huo. Seli za mmea zimeunganishwa kwa vijia vyembamba vinavyopenya ukuta, viitwavyo plasmodesmata, na virusi vya mimea vina protini zao maalumu za kuvitanua au kuvigeuza vipitike. Vikifika kwenye floemu, yaani mishipa inayosafirisha sukari, vinabebwa na utomvu hadi kwenye machipukizi na mizizi.

Je, virusi vyote vya mimea huenezwa na wadudu?

Hapana, ingawa vingi ndivyo. Kirusi cha mozaiki ya tumbaku, kwa mfano, huenea hasa kwa mikono, visu na mimea inayogusana. Vingine hupitia minyoo ya udongoni, vimelea jamii ya kuvu, utitiri, mbegu au vipandikizi. Kati ya wadudu, wanaoongoza ni wafyonzaji: vidukari (wadudu wadogo laini wanaojazana kwenye machipukizi) kwanza, kisha nzi weupe, na wale wadogo warukao ukigusa jani, ambao hapa tutawaita warukaji wa majani. Thripsi, wadudu wembamba wadogo sana, na mbawakawa nao wamo.

Mdomo wa kidukari unafanya nini hasa unapochoma jani?

Swali hili linastahili jibu refu, maana mengi yanayofuata yanaanzia hapa.

Mdomo wa kidukari una sindano nne nyembamba kuliko unywele. Mbili za nje hutoboa. Mbili za ndani zimeshikana na kuacha mifereji miwili kati yake: mmoja wa kuvuta utomvu, mwingine wa kushusha mate. Karibu na ncha kabisa mifereji hiyo inakutana na kuwa mmoja.

Lengo la kidukari ni floemu, na ili kuifikia anapenyeza sindano katikati ya seli na seli, huku akitoa mate yanayoganda na kuwa ala inayozizunguka. Lakini njiani hapiti kimya. Karibu kila seli anayoipitia anaichoma kidogo, anaonja, anatoka. Seli haifi. Kuonja huko, ambako ndiko humwambia kama mmea unamfaa, ndiko kunakoeneza virusi vingi zaidi kuliko mlo wenyewe.

Haya yamejulikana kwa njia ya kuvutia. Kidukari hugundishwa waya mwembamba sana wa dhahabu mgongoni kwa gundi yenye fedha, na waya wa pili huchomekwa kwenye udongo wa chungu cha mmea. Mdudu na mmea wanakuwa sehemu ya sakiti moja ya umeme. Sindano inapokuwa kati ya seli, volti iko juu. Inapotoboa utando na kuingia ndani ya seli, volti inashuka ghafla na kubaki chini kwa sekunde 5 hadi 10 hivi, kisha inapanda sindano inapotoka. Mbinu hii ilianza miaka ya 1960, na baadaye ikaboreshwa hadi watafiti wakaweza kugawa sekunde hizo chache katika vipande. Mwanzoni kidukari hutema mate ndani ya seli, na hapo ndipo kirusi kinapoingia mmea mzima wa afya. Mwishoni huvuta tone dogo la maji ya seli, na hapo ndipo kirusi kinapochukuliwa kutoka mmea mgonjwa.

Basi kidukari ni kama sindano chafu tu?

Hivyo ndivyo ilivyodhaniwa kwa miaka mingi. Tatizo la wazo hilo ni kwamba sindano chafu haichagui. Kirusi cha mozaiki ya tumbaku kimo tele ndani ya seli, kidukari anakivuta, lakini hakienezi. Vingine, vilivyo vichache zaidi ndani ya seli ile ile, anavieneza vizuri. Kuna kitu kinachovishika hivi na kuviacha vile.

Kwa kundi la virusi liitwalo potivirusi, ambamo mna kirusi Y cha viazi, kinachovishika ni protini ya usaidizi, HC-Pro. Ncha yake moja hushika sindano ya mdudu, nyingine hushika ganda la kirusi, yaani kifuniko cha protini kinachofunga vinasaba vyake. Sehemu ya ganda inayoshikwa ni asidi amino (vijenzi vya protini) tatu tu zilizofuatana, na kubadilisha moja kati ya hizo kunaweza kumfanya kidukari ashindwe kabisa kukieneza kirusi, ilhali ndani ya mmea kinaendelea kuzaliana kama kawaida. Kirusi cha mozaiki ya tango hakina msaidizi: ganda lake lenyewe ndilo linaloshika.

Kinashika wapi? Mwaka 2007 watafiti wa Montpellier, Ufaransa, walionyesha kwamba kirusi cha mozaiki ya koliflawa hung'ang'ania kwenye ncha kabisa ya sindano za ndani, pale mifereji miwili inapokutana. Baadaye sehemu hiyo ilitambuliwa kuwa kiungo kidogo kinachojitegemea, kikapewa jina akrostaili, na mwaka 2018 ikatangazwa protini moja ya hapo, stailini-01, ambayo kirusi hicho huitumia kama kipokezi. Mahali pa kukaa pamechaguliwa vyema: kila tone la mate linalotoka linapita hapo hapo.

Kirusi hicho cha koliflawa kina jambo jingine ambalo binafsi naliona kubwa kuliko yote. Ndani ya seli ya mmea, protini yake ya usaidizi hukaa imerundikana kwenye fungu maalumu. Kidukari anapochoma, fungu hilo linafumuka ndani ya sekunde chache na protini inasambaa kwenye nyuzi za ndani ya seli, tayari kuvutwa. Akiondoka, inarudi kwenye fungu. Kirusi hakina neva wala macho, lakini kinautumia mshtuko wa seli kama taarifa kwamba usafiri umefika.

Kirusi kinakaa ndani ya mdudu kwa muda gani?

Inategemea kimefika wapi.

Vinavyobaki kwenye ncha ya sindano huchukuliwa kwa sekunde au dakika, na hupotea ndani ya dakika hadi saa chache, kwa kuwa kila anapochoma tena mdudu anavisuuza kwa mate. Vinavyoshika ndani zaidi, kwenye koo na utumbo wa mbele, vinahitaji muda mrefu zaidi wa kuchukuliwa na hudumu saa nyingi hadi siku kadhaa. Kirusi cha manjano ya saladi, kinachobebwa na nzi weupe, hushika humo kwa kutumia protini ndogo iliyo kwenye ncha moja tu ya ganda lake refu.

Makundi haya mawili yana udhaifu mmoja. Sindano na utumbo wa mbele vimefunikwa kwa gamba lile lile linalofunika mwili, na tunutu, yaani mdudu mchanga, anapojivua, gamba la mdomoni na kooni linatoka pia. Kirusi kinaondoka nalo, na mdudu anabaki safi mpaka ale tena mmea mgonjwa.

Kundi la tatu ni la virusi vinavyotoka utumboni na kuingia mwilini. Hivyo havipotei kwa kujivua, na mara nyingi mdudu huvieneza hadi kufa. Gharama yake ni muda: ni lazima kirusi kizunguke mwili mzima kabla hakijafika kwenye mate. Kwa kirusi cha kujikunja kwa majani ya nyanya ndani ya nzi mweupe, safari hiyo huchukua takriban saa 8. Kwa virusi vingine ni siku kadhaa, hata wiki.

Safari hiyo ya ndani ya mwili inapita wapi?

Kutoka mfereji wa chakula kirusi kinafika utumbo wa kati, ambao hauna gamba. Hapo seli za utumbo zinakimeza: protini za ganda hushika vipokezi, utando unabonyea, unafunga, na kirusi kinajikuta ndani ya kifuko kidogo. Kifuko kinavuka seli na kukitoa upande wa pili, kwenye hemolimfu, ambayo ndiyo damu ya mdudu na imejaa mwilini bila mishipa ya kuibana. Kinaelea hadi kwenye tezi za mate. Huko kinamezwa tena kwa namna hiyo hiyo, kinavuka seli za tezi, kinatolewa kwenye mfereji wa mate.

Ni milango miwili, utumbo na tezi, na kila mmoja una ukaguzi wake.

Mlango wa kwanza uligunduliwa na H. H. Storey miaka ya 1930, wakati akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika. Alikuwa akichunguza ugonjwa wa milia ya mahindi na mrukaji wake, Cicadulina mbila. Wengine wa spishi hiyo hiyo, waliolishwa mmea ule ule mgonjwa, walieneza ugonjwa. Wengine hawakuweza kabisa. Aliwazalisha kila kundi peke yake, akaona kwamba uwezo huo unarithiwa. Kisha akafanya jambo la ujasiri: aliwatoboa utumbo wale wasioweza, kwa sindano nyembamba, wakiwa hai, wadudu wenye urefu wa milimita chache. Walioponea tundu hilo wakaanza kueneza ugonjwa. Kumbe kirusi kilikuwa kimezuiliwa na ukuta wa utumbo tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1933, miaka kadhaa kabla ya kirusi chochote cha mmea kuonekana kwa darubini ya elektroni.

Mlango wa pili unaonekana vizuri kwenye virusi vya udumavu wa manjano wa shayiri. Aina fulani huvuka utumbo wa kidukari asiye wake, zikajaa kwenye hemolimfu, kisha zikagota kwenye tezi ndogo ya mate. Anayeruhusiwa na asiyeruhusiwa huamuliwa na ganda. Mwaka 1970 W. F. Rochow alitoa ushahidi mzuri: mmea ukiambukizwa aina mbili kwa pamoja, vinasaba vya moja vinaweza kufungwa ndani ya ganda la nyingine, na kidukari ambaye kwa kawaida hakibebi kirusi hicho anakibeba, kwa sababu anachokagua ni vazi.

Je, kirusi cha mmea kinaweza kuzaliana ndani ya mdudu?

Baadhi, ndiyo. Kwa hivyo mdudu naye ni mwenyeji, na mtu angeweza kuuliza kama hivyo ni virusi vya mimea vinavyosafiri kwa wadudu au ni vya wadudu vinavyopitia mimea.

Kirusi cha udumavu wa mpunga huambukiza seli chache za utumbo wa mrukaji, kinazaliana humo, kisha kinasambaa. Hakisubiri kuelea kwenye hemolimfu pekee. Protini yake moja huunda mirija mirefu yenye virusi ndani, na mirija hiyo husukumwa kwa nyuzi za aktini za seli yenyewe hadi kwenye seli ya jirani.

Kirusi cha madoa na mnyauko wa nyanya kina sharti la ajabu zaidi. Thripsi anaweza kukieneza tu kama alikipata akiwa buu mchanga. Kinaingia seli za utumbo wa kati, kinahamia misuli inayouzunguka, halafu tezi za mate, na mdudu anapokuwa na mabawa ameshakuwa tayari kusafiri nacho. Thripsi mzima akila mmea mgonjwa kwa mara ya kwanza, kirusi kinaweza kuingia utumboni mwake lakini hakifiki kwenye tezi, na mdudu huyo hana madhara kwa upande huo.

Mpaka kati ya kupita na kuzaliana si mkali kama vitabu vya zamani vilivyouchora. Kirusi cha kujikunja kwa majani ya nyanya kilihesabiwa kuwa mpita njia tu ndani ya nzi mweupe, hadi mwaka 2020 watafiti wa China walipoonyesha kwamba hunakili DNA yake ndani ya tezi za mate, kwa kutumia vimeng'enya vya mdudu mwenyewe.

Mdudu anaweza kuwarithisha watoto wake kirusi?

Kwa baadhi ya virusi, ndiyo. Teiichi Fukushi wa Japani alionyesha mwaka 1933 kwamba kirusi cha udumavu wa mpunga hupita kwenye mayai ya mrukaji, na baadaye akakifuatilia hadi kizazi cha saba bila wadudu hao kugusa mmea mgonjwa. Njia yake ilieleweka miongo mingi baadaye. Ndani ya mrukaji huyo wanaishi bakteria waitwao Sulcia, ambao humsaidia kwa lishe na ambao lazima waingizwe katika kila yai. Kirusi hujishikiza juu ya bakteria hao na kuingia nao. Kirusi cha michirizi ya mpunga kina njia nyingine: hushikamana na protini ya kiini cha yai inapoingizwa kwenye ovari. Upande wa baba nao umo, kwani kuna kirusi cha mpunga kinachoshika juu ya mbegu za kiume.

Mdudu mmoja anaweza kubeba virusi tofauti kwa njia tofauti?

Nzi mweupe Bemisia tabaci ni mfano mzuri, hasa kwenye muhogo. Virusi vya batobato huvuka utumbo wake na kukaa mwilini. Virusi vya michirizi ya kahawia haviingii mwilini, na hupotea upesi zaidi. Ni mdudu yule yule na jani lile lile, lakini nzi aliyepeperushwa mbali anaweza kufika akiwa bado na batobato huku michirizi ikiwa imempotea njiani. Michirizi inayozuka mbali na chanzo chake mara nyingi imeletwa na watu, ndani ya vipandikizi.

Mbawakawa hawana sindano. Wao hufanyaje?

Wanatafuna, na wanapotafuna hucheua kidogo kwenye jeraha. Macheuo hayo yana vimeng'enya vinavyovunja RNA, kwa hiyo virusi vingi huishia hapo. Vinavyofaulu ni vile vinavyoweza kuhama haraka kutoka kwenye jeraha, kwa mfano kupitia mishipa ya maji. Kirusi cha manjano ya mpunga, kinachosumbua Afrika, ni kimojawapo cha vinavyobebwa na mbawakawa.

Je, ni lazima kirusi kizima kibebwe kwa pamoja?

Hapana. Kirusi cha udumavu wa maharagwe mapana, kinachobebwa na vidukari, kimegawanyika vipande vinane vya DNA, kila kimoja ndani ya ganda lake. Ilidhaniwa kwamba lazima vyote vikutane ndani ya seli moja. Mwaka 2019 ilionekana kwamba vipande vinaweza kukaa kwenye seli tofauti za mmea na bado kirusi kikafanya kazi, kwa kuwa bidhaa za seli moja husafiri hadi nyingine.

Kirusi kinabadili tabia ya mdudu?

Mara kadhaa imeonekana hivyo, na kwa namna inayolingana na mahali kirusi kinapokaa. Maboga yenye kirusi cha mozaiki ya tango hutoa harufu kali zaidi inayovuta vidukari, lakini yakionjwa hayana ladha nzuri kwao, wakaondoka haraka. Kwa kirusi kinachochukuliwa kwa sekunde na kupotea kwa saa, mgeni anayeonja na kukimbia ndiye bora. Thripsi dume walioambukizwa kirusi cha madoa na mnyauko wa nyanya, kwa upande wao, huchoma majani mara nyingi zaidi bila kula, na kila kuchoma huko kunaacha mate.

Kwa nini wakati mwingine napulizia dawa, wadudu wanakufa, lakini ugonjwa unaendelea?

Huenda ni kirusi cha ncha ya sindano. Kidukari anayetua akitoka mmea mgonjwa anahitaji sekunde chache tu. Dawa inamuua baadaye, kazi ikiwa imeshafanyika. Dawa inayowasumbua bila kuwaua mara moja inaweza hata kuzidisha tatizo, kwa sababu wanahangaika kutoka mmea hadi mmea wakionja. Kwa virusi hivi mafuta ya madini yanayopuliziwa kwenye majani husaidia zaidi, kwani huvuruga kushika kwa kirusi kwenye sindano, pamoja na kung'oa mapema mimea yenye dalili.

Kwa virusi vinavyozunguka mwilini hesabu ni nyingine. Mdudu anahitaji saa nyingi za kula, kisha muda wa kusubiri, kisha kula tena, na dawa ina nafasi ya kukatiza hapo katikati. Lakini haimzuii aliyewasili akiwa na kirusi tayari kwenye mate. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa, ulizia kwanza ni kirusi gani. Kwa mazao yanayopandwa kwa vipandikizi au mizizi, mbegu safi na aina zinazostahimili zitakufaa kuliko dawa yoyote.

Virusi hivi vinaweza kuniambukiza nikila mmea mgonjwa?

Hapana, haviwaambukizi binadamu. Baadhi vina ndugu wa mbali wanaotuhusu: kuna virusi vya mimea, vinavyoenezwa na vidukari na warukaji, vilivyo katika familia moja na kirusi cha kichaa cha mbwa. Maumbo yao chini ya darubini yanafanana, kama risasi, lakini seli zinazowapokea ni za mmea na za mdudu.